Wazazi wa Kadutu Wauliza juu ya Vidonge vya Virginie

Mgeni rasmi, Daktari Clémence, mtaalamu wa homoni, amani ya Bwana iwe nawe.

KARIBU
Sisi wazazi wa watoto wenye usonji, ambao hapa tunauita otisme, tunakupokea Kadutu kwa furaha, na kwa wasiwasi ambao hatutauficha.

TULIKOTOKA
Tulianza kukutana parokiani, kila mmoja akidhani ni mtoto wake peke yake asiyeitika akiitwa.

MAFANIKIO
Watoto wetu hatuwafungii tena ndani. Aganze wa maman Virginie huja misa, hukaa karibu na ngoma, akiziba masikio na kucheka.

WASIWASI WETU
Virginie alipasuliwa rovu shingoni. Tangu hapo alikuwa akimeza kidonge kila asubuhi, hata alipokuwa na mimba ya Aganze. Sasa ana mimba ya pili. Juzijuzi redio ilisema wataalamu wanachunguza kama homoni wakati wa mimba zinahusiana na tabia za usonji. Akakumbuka muuguzi alivyomweleza: kidonge chake ni homoni, badala ya ile ya tezi iliyoondolewa shingoni. Akaacha kumeza.

Mama mkwe wake alisema mbele yetu, "Aganze ulimuharibu na hizo dawa. Huyu mwingine umuache!"

Papa Fabien, mzazi mwenzetu, akajaribu kupoza mambo: "Miye nikisikia homoni, nawaza kuku ya frigo tu, ile ya kunoneshwa na sindano."

Virginie hakucheka. "Papa, miye sina kuku. Niko na mutoto mu tumbo."

Siku hizi uso umemvimba, sauti inakwaruza, na baridi haimtoki hata juani. Wengine tulimwambia ameze, wengine aache. Tukasali rozari; tulipoinuka, bado tulikuwa tumegawanyika. Yeye akimtazama Aganze, hujiuliza kama alimdhuru kwa kumeza. Akishika tumbo, hujiuliza kama anamdhuru huyu kwa kuacha.

MAOMBI
Tulikuandalia maombi ya chumba cha mafunzo na ya mwalimu. Hayo yangoje. Virginie ameketi mstari wa mbele, mama mkwe kando yake. Kama sayansi bado haijui kwa nini Aganze yuko hivyo, sema wazi kwamba haijui, na useme kwa sauti ambayo mama mkwe ataisikia. Lakini neno la kidonge tunaamini unalijua. Tunakusihi umjibu kabla ya hotuba yako: ameze au asimeze? Vidonge vimo mkobani mwake, na glasi ya maji tumekwisha kuiweka mezani.

Mungu aliyekujalia elimu akujalie sasa neno la kusema, na amlinde aliye tumboni.

Ni sisi,
Wazazi wa Tumaini, Kadutu, Bukavu.