Hatua Arobaini za Villads Kragelund

Ndugu zetu mliokuja, tuvumilieni, maana hata sisi wenyewe hatujaamini bado.

Villads Kragelund alizaliwa hapa Kerteminde tarehe 3 Novemba 1821, kifungua mimba wa seremala Peder Kragelund na mkewe Maren. Alisoma shule ya mjini, akapata kipaimara mwaka 1836, na miaka mitatu baadaye akaenda chuo cha sanaa Copenhagen.

Aliporudi alichora picha kumi na moja za gati letu usiku wa mbalamwezi. Katika kila moja yupo mwanamke aliyetupa mgongo. Mmebishana miaka ishirini ni nani. Ni Sidsel, mkewe, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 12 Mei 1848.

Villads, tangu utotoni, hakuona kitu jua likishazama. Sisi nduguze tumelijua hilo Jumatano, maiti yake ikiwa imeshalazwa sebuleni. Kumbe zile jioni alizokataa mialiko yetu, tukamwita mwenye maringo! Sidsel ndiye aliyemshika mkono hadi ncha ya gati, hatua arobaini, akamtazamia bahari na kumweleza alichokiona.

"Maji yakoje leo?"

"Kama jana."

"Jana ulisema maziwa yaliyoenguliwa. Mke wangu, mimi ni mchoraji au muuza maziwa?"

"Basi ni kama ndani ya ganda la kome. Twende, baridi inaniua."

Tangu Februari Sidsel aliugua mapafu. Jumanne, tarehe 7 Aprili 1868, Villads alishinda ndani akimuuguza. Mchana huohuo mdogo wake Laurids, ndiye huyu anayewasomea, alikata ncha ya gati iliyovunjwa na barafu. Zikabaki hatua thelathini na nne. Hakuweka kizuizi. Aliona hakuna haja, kwa kuwa mwezi ungekuwa mpevu.

Usiku Villads alimwambia mkewe, "Wewe lala. Mwezi wa leo nitausikiliza mwenyewe." Akachukua fimbo yake.

Wapo wanaonong'ona kwamba alijitupa majini, maana kulikuwa kweupe na gati alilijua. Laurids alimwomba Sidsel siri ya macho yake ifichwe, picha zisishushiwe heshima. Sidsel akamjibu, "Shemeji, soma yote. Picha zitajitetea. Yeye hana tena mdomo."

Basi yamesomwa.

Marehemu ameacha mjane wake Sidsel, binti yake Ane, mwanawe Peder, mdogo wake Laurids, na picha ya kumi na mbili isiyokauka bado. Humo gati lina hatua zote arobaini.

Apumzike kwa amani kule ambako, tumeahidiwa, hakuna usiku.