Pazia, Aliyekula Upepo wa Wenzake

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka kumi na sita ya utumishi katika timu yetu, mwenzetu Pazia anatundika baiskeli. Nimeombwa niandike machache kwa kuwa ndimi fundi niliyemtengenezea baiskeli muda wote huo, na fundi hujua mengi. Asiwe na wasiwasi, mengine nimeyaacha karakana.

Jina la Pazia halikuja bure. Katika mbio za barabarani anayetangulia ndiye anayekula upepo, na anayemfuata mgongoni hupumzisha miguu. Kazi ya Pazia ilikuwa kutangulia. Alimvuta mmaliziaji wetu hadi mita mia mbili za mwisho, akatikisa kiwiko kumpa ishara apite, akajitoa pembeni, na mwenzake akachomoka kwenda kuchukua ushindi na maua. Yeye alifika baadaye, wa kumi na tano, wa ishirini, anacheka utadhani kashinda yeye.

Uwanjani, kwenye ile njia ya mbao ya mviringo, alituachia kichekesho cha mwaka. Baiskeli za uwanjani hazina breki, wala hazikubali mguu upumzike: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Pazia alitoka moja kwa moja kwenye msimu wa barabarani, akaingia uwanjani, akajisahau, akaacha kunyonga ili anyooshe mgongo. Lo! Baiskeli ilimtupa kama gunia. Aliinuka akamwomba radhi mpiga kengele ya mzunguko wa mwisho, kisha akaniuliza kama baiskeli imeumia, kumbe bega lake limevunjika. Msimu uliofuata alirudi, akawa mmoja wa wale wanne waliotuletea ubingwa wa timu.

Lakini ushindi wa barabarani, wa jina lake peke yake, hakuwahi kuupata. Alikuwa akisema hilo halimsumbui. Uongo mtupu. Mkewe ametuambia kwamba Pazia alishatenga mahali sebuleni, kando ya televisheni, pa kuweka kombe lake, na hapo hairuhusiwi kuwekwa kitu kingine. Vumbi anapangusa mwenyewe.

Basi mwezi uliopita, katika mbio zake za mwisho, timu nzima ilikubaliana kumfanyia kazi yeye. Mmaliziaji wetu wa sasa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, naye ndiye aliyeomba akae nyuma yake kumlinda. Mambo yakaenda kama yalivyopangwa. Ikabaki barabara iliyonyooka mbele ya soko, Pazia yuko mbele ya wote, na mimi kwenye mstari wa mwisho sauti imenikauka.

Zikabaki mita mia mbili. Kiwiko kikatikisika. Mazoea yana taabu jamani: Pazia akajitoa pembeni, akaacha njia nyeupe. Shemeji yake akashika breki.

"Sipiti, shemeji! Leo ni yako, nenda!"

Wakati hao wawili wanapishana kwa heshima katikati ya barabara, wapinzani watatu walijipitia zao. Pazia akawa wa nne, shemeji wa tano.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimfuata na taulo, machozi yananilengalenga, sijui nianzie wapi kumpa pole. Akalipokea, akajifuta uso polepole, akasema, "Fundi, miaka yote hii nimepisha watu. Huyu ndiye wa kwanza kukataa kupita."

Akalia. Nami nikalia. Shemeji alipofika tukawa watatu, na wapiga picha wakadhani tumefiwa.

Ndugu yetu Pazia, ahsante kwa kila upepo uliotumezea. Hatukukupatia kombe, na hilo litatuuma siku nyingi. Lakini hakuna mtu katika timu hii aliyewahi kupanda jukwaani kwa miguu yake peke yake, na kila mmoja wetu anajua alipanda kwa miguu ya nani. Nenda kwa mkeo na wanao salama, na kuanzia leo mambo yako yote yawe mteremko.