Ubao wa Kwanza: Maisha ya Tannetje Dingemanse, 1946–2025

Ndugu, majirani na marafiki wa Oudewerve: marehemu aliacha maagizo kwamba wasifu wake usomwe na mtoto wa kaka yake, yaani mimi, Maatje, kwamba usiwe mrefu, kwa sababu supu itakuwa motoni, na kwamba asisifiwe kupita kiasi, maana majirani wanamjua. Nitajitahidi. Lakini penye sifa nitasifu, na leo kwa mara ya kwanza hana nafasi ya kunikatiza.

Tannetje, ambaye hata wasio na undugu naye walimwita Shangazi Tanne, alizaliwa tarehe 11 Mei 1946 hapa hapa Oudewerve, kisiwani Tholen. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Cornelis Flikweert na mkewe Neeltje. Siku hiyo babu, yaani huyo Cornelis, alikuwa shambani akipalilia viazi, na mkunga alipomfuata kumpa habari, alijibu, "Mwambie nimebakiza mstari mmoja." Shangazi aliisimulia habari hiyo kila sikukuu yake ya kuzaliwa, mbele ya mzee mwenyewe, mpaka mzee akajifunza kwenda kuangalia bata kabla haijaanza.

Alikuwa na miaka sita bahari ilipoingia, alfajiri ya Jumapili tarehe 1 Februari 1953. Wazee mnajua, vijana msikie. Barabara yetu inapita kwenye pengo la tuta la ndani, yaani ule ukingo wa udongo unaotukinga na maji, na bahari ikivunja tuta la nje, pengo hilo huzibwa kwa mbao kumi na mbili zinazoshushwa moja juu ya nyingine katika mifereji iliyochongwa ukutani. Mwaka ule mbao zilikuwa zimeazimwa na bendi ya kijiji kutengenezea jukwaa la dansi, na hakuna aliyezirudisha. Zilikuwa zimefungiwa ukumbini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kiongozi wa bendi, mzee Kloet, aliyekuwa amekwenda mjini Goes kumtembelea binti yake. Mpaka watu wanauvunja mlango, maji yalikuwa yameshapita. Bibi yake Shangazi, Jikkemien, alichukuliwa na maji pamoja na wengine ambao majina yao yako ukutani nyuma yangu.

Shangazi na baba yangu Leendert walikaa darini na wazazi wao na kuku mmoja. Asubuhi kuku akataga, na babu akaligawa lile yai bichi kwa kijiko. Shangazi alikuwa akisema kwamba siku ile katika kijiji kizima ni kuku peke yake aliyejua kazi yake.

Familia ilihamishiwa Bergen op Zoom, ikapokewa na fundi viatu mmoja na mkewe, nako ndiko Shangazi alikoanza shule. Walirudi mwaka 1954, nyumba ikiwa bado inanuka chumvi. Kuanzia 1959 hadi 1962 alisoma shule ya maarifa ya nyumbani mjini Tholen. Ripoti yake ya mwisho baba yangu anaikumbuka neno kwa neno: anapika vizuri, anashona ovyo, na anaamrisha walimu. Babu alisoma akacheka, akasema hela ya ada haikupotea.

Mwaka huo huo wa 1962 aliajiriwa kwenye duka la mikate la Dingemanse, nako akamkuta Marinus, mtoto wa mwenye duka, mtu mpole, mwenye unga mpaka kwenye kope. Nilimuuliza siku moja alimpendea nini. Akaniambia, "Mwanangu, aliazima pampu ya baiskeli yangu Jumatatu, Jumanne akairudisha. Kijiji hiki nilikuwa sijawahi kuona jambo kama hilo." Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1969 katika kanisa hili. Hawakujaliwa watoto. Hilo lilimuuma, hakulificha, na upendo wake wote uliokosa pa kwenda akatumwagia sisi pamoja na ukali wake. Waliendesha duka pamoja hadi 2006, na Marinus alitangulia mbele za haki mwaka 2011.

Sasa nifike kwenye lile mnalongoja.

Mwaka 1978 Shangazi alichaguliwa kuwa mkuu wa walinzi wa tuta wa kijiji hiki, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Wakati huo mazoezi ya kuziba pengo yalikuwa yamekufa. Watu walisema serikali inajenga mabwawa makubwa baharini, ya nini kujichosha? Shangazi aliogopa kitu kimoja tu, na alikiogopa mpaka mwisho: kwamba kengele ya mafuriko italia siku moja na watu hawatatokea. Basi mwaka ule wa kwanza alipita nyumba kwa nyumba akihubiri maangamizi. Siku ya mazoezi walikuja watu wanne, na mmoja alikuwa amepotea njia.

Marinus alimngoja avue viatu, ndipo akamwambia, "Tanne, unawaita watu kana kwamba unawaalika kwenye matanga yao wenyewe. Nani atakuja?"

"Kwa hiyo niwadanganye?"

"Uwalishe."

Ndivyo ilivyozaliwa supu ya njegere ya Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, pamoja na mikate ya bolus ya Marinus, ile ya mdalasini inayonata vidole. Lakini Shangazi aliongeza la kwake. Alisema mbao za kijiji ni mbao za hakuna mtu, ndiyo maana ziliishia chini ya miguu ya wacheza dansi. Kuanzia sasa kila ubao utakuwa na nyumba yake, utatundikwa ukutani kwa wenyewe, umepakwa rangi waitakayo, na siku ya kengele ni wao wa kuuleta. Bodi ya maji, inayosimamia matuta yote, ilikuna kichwa, ikakubali. Watu walipaka rangi kwa mashindano. Wetu ulikuwa wa manjano na baba yangu hajawahi kusamehewa.

Ubao wa chini kabisa, ule wa kwanza kushuka, ambao bila huo mwingine wowote hauna pa kukaa, Shangazi aliupeleka kwa Wisse Kloet.

Wisse ni mtoto wa yule kiongozi wa bendi. Yuko hapa mbele, na ameniruhusu kusema haya. Tangu 1953 nyumba ya Kloet ilikuwa imewekwa pembeni. Hakuna aliyewatukana, watu waliacha tu kuwasalimu kwa jina. Wisse alikuwa anafanya manunuzi yake mji mwingine. Iliposikika kwamba amepewa ubao wa kwanza, tena na mjukuu wa Jikkemien, watu walinong'ona mpaka nje ya kanisa.

Ikafika Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1979. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwepo. Mbao kumi na moja zimefika, supu inachemka, Kloet hayupo. Mvua ikaanza.

"Tuanze na wa pili," baba yangu akasema.

"Wa pili utaukalisha juu ya nini, kaka? Juu ya hewa?"

"Kuna mbao za akiba kule—"

"Hatuanzi mpaka wa kwanza afike."

Tulisimama pale tukilowa. Watu wakaguna kwamba ukaidi wa Flikweert ni wa kurithi. Mwishowe Shangazi alifunga mikate miwili ya bolus kwenye kitambaa, akaniambia, "Njoo, wewe ushike mwavuli," tukaenda kwa Wisse. Alifungua mlango nusu.

"Wisse, watu wanakungoja."

"Watafute mwingine. Na wewe, Tanne, katika watu wote, ni wewe wa kuniletea mimi ubao? Bibi yako..."

"Bibi yangu alikufa kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinamtegemea mtu mmoja mwenye ufunguo, na hakuna aliyejali kumuuliza anakwenda wapi. Lilikuwa kosa letu sote, tukambebesha baba yako. Hapa Oudewerve hakuna nyumba itakayoutunza ubao vizuri kuliko hii yenu. Unabisha?"

"Unanidhihaki."

"Nakutania kidogo. Lakini supu inapoa kweli."

Wisse, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, aliichukua ile mikate. Kisha akaurudisha mlango, nami nikadhani yamekwisha. Akatokea uani na ubao begani, kumbe ameupaka rangi ya buluu, tena mara mbili, safi.

Tulipofika pengoni hakuna aliyepiga makofi. Baba yangu alisogea kumpa nafasi, akasema, "Umechelewa, bwana. Shika upande ule." Wakaushusha. Wa pili ukafuata, na wa tatu, mpaka wa kumi na mbili, ambao ulikuwa wa Shangazi na Marinus. Kisha tukala supu ya vuguvugu tukiwa tumelowa chapachapa, na mke wa mchungaji akamwambia Wisse, kwa jina lake, apitishe chumvi. Mwaka uliofuata alikuja na ubao na tromboni. Bendi iliyokuwa imenyamaza miaka ishirini na saba ilifufuka pale tutani, na tangu hapo hatujawahi kuziba pengo bila muziki. Jukwaa la dansi tulinunua jingine.

Jioni ya tarehe 5 Desemba 2013, dhoruba ilipopanda, wengi mlikuwa mezani na watoto mkifungua zawadi za Mtakatifu Nikolasi. Kengele ililia, na pengo lilizibwa kabla viazi vya mtu havijaiva. Maji hayakufika. Asubuhi baba yangu alilalamika kwamba ameacha zawadi na chakula chake kwa ajili ya upepo mtupu. Shangazi akamjibu, "Kaka, heri tuyangoje maji yasije, kuliko yaje sisi tusingoje. Sasa shika upande huo tuondoe mbao."

Mwezi Machi mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa Bergen op Zoom wiki mbili, na siku ya tatu muuguzi aliwakuta wagonjwa wanne wa wodi ile wamesimama nje kwenye ngazi, wameshika vyuma vya dripu. Walikuwa wanafanya mazoezi ya kukimbia moto, kwa amri ya Shangazi. Shangazi aliwalaumu kwa kuchelewa. Alirudi nyumbani, akaendelea kukoroga supu akiwa ameketi, na Jumapili tarehe 28 Septemba 2025 aliaga dunia asubuhi kitandani kwake, baba yangu akiwa amemshika mkono. Nampenda, nimemkosa, na kwa kuwa aliagiza nisilie kabla ya ukurasa wa pili, nao umefika, sasa ninaruhusiwa kulia.

Ameacha kaka yake Leendert na wifi yake Pieternella. Mimi na ndugu yangu Krijn, pamoja na watoto wetu watano. Na kijiji kizima alichokisumbua kwa miaka arobaini na saba. Ubao wake wa juu ameuachia nyumba ya Haddad, waliohamia mtaa wa shule miaka tisa iliyopita, na ambao watoto wao hawakuchoka kumuuliza, "Bibi, wa kwetu uko wapi?" Ni huu hapa, wapenzi. Rangi chagueni wenyewe, ila si ya manjano.

Wiki iliyopita aliniita karibu. Aliniuliza jambo moja: "Nikishaondoka, watakuja?" Nilimwambia watakuja. Alinitazama kwa namna mnayoijua, kisha akaagiza azikwe leo, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, ili ahakikishe. Shangazi, nimepita nje kabla ya ibada. Mbao zote kumi na mbili zimekuja: kumi zimeegeshwa kwenye ukuta wa kanisa, wako uko hapa ndani, na wa kwanza uko na Wisse. Wisse ana miaka themanini na saba na yuko kwenye kiti cha magurudumu, ubao umelazwa juu ya mikono ya kiti. Leo amefika wa kwanza, kabla hata ya mchungaji.

Makaburi yetu yako ng'ambo ya pengo, upande wa bahari. Tutampitisha pale, tutamlaza kando ya Marinus, kisha tutarudi na kengele italia, na Wisse atashusha ubao wa kwanza. Nilimwambia Shangazi kwamba itatuuma kuziba pengo yeye akiwa nje. Akasema, "Msinililie. Niacheni huko huko upande wa maji. Lazima abaki mtu wa kuyaangalia."

Alale kwa amani, na kwa jinsi tunavyomjua, jicho moja litabaki wazi.