Kutoka Mkononi mwa Atlee

Sogeeni, wanangu. Emanuel, kaa chini, ng'ombe watakungoja. Na wewe Verna, acha kunifuta jasho unisikilize, maana pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kusema jambo moja tu, na jambo lenyewe limenitia aibu miaka mingi.

Mali haina maneno. Shamba ni la Emanuel, na farasi wote wawili. Nyumba hii ndogo na cherehani ya mama yenu ni vya Verna. Ila ule waya nilioufunga kwenye njia ya kwenda kwa baba yenu mdogo Atlee, ukateni leo, nikiwa bado nasikia.

Mnajua kwamba nilimtenga. Msichojua ni jinsi nilivyofurahia. Kura ya uaskofu iliponiangukia, kijikaratasi cha kura kikiwa ndani ya kitabu cha nyimbo nilichokichukua mimi kati ya vile vilivyopangwa mezani, nililia machozi ya kweli. Lakini mwaka haukwisha nikawa nimeshaonja utamu wa kuwa mtu asiyekosea, napima ukingo wa kofia za wenzangu kwa rula nione kama umepita kanuni. Basi Atlee akafunga simu kwenye banda lake la ng'ombe, kwa sababu mkewe Barbara alikwisha kupoteza watoto wawili akijifungua, daktari hajafika. Simu ilikuwa imekatazwa na kanisa letu. Nikamwambia aing'oe, apige magoti mbele ya kanisa, akiri. Akanijibu, "Kaka Joas, nitapiga magoti kwa dhambi yoyote utakayonichagulia, lakini kwa hii, hapana." Tukamtenga. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kula naye meza moja, wala kupokea kitu mkononi mwake. Akikupa mkate, sharti auweke mezani kwanza, auachie, ndipo nawe uuchukue.

Siku ya kumzika bibi yenu, mama yenu Lavina alipanga meza mbili, akaacha nafasi ya kidole kimoja katikati, akazifunika kwa kitambaa kimoja, kama wafanyavyo wanawake wetu ili sheria iridhike na moyo nao uridhike. Mimi nikakifunua kile kitambaa mbele ya watu, nikaisukuma meza ya Atlee hadi ukutani, chini ya makoti yaliyotundikwa. Akacheka, akasema, "Haya, huku angalau sitaombwa chumvi kila dakika." Nami nikainamisha kichwa kushukuru chakula, nikakaa hivyo muda mrefu ili nionekane. Verna, ulikuwa na miaka tisa, uliniangalia, nikakukemea ule.

Kisha mama yenu akaanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Niliwaambia kwamba jirani wa nje ya kanisa ndiye aliyemwita daktari. Niliwadanganya. Nilikimbia kwa Atlee, nikauruka waya wangu mwenyewe, suruali ikachanika. Hakuniuliza neno. Alinipigia namba, maana mimi sikujua hata inavyopigwa, akanishikisha simu sikioni, nikawa napayuka kama namwita mtu ng'ambo ya bonde, hadi akaniambia taratibu, "Usipige kelele, kaka, anakusikia." Tulipomaliza akanimiminia kahawa, akaninyooshea kikombe. Nikamwambia, "Kiweke mezani."

Jamani! Simu yake imetoka sikioni mwangu sasa hivi, mke wangu anaokolewa nayo, na mimi nasema kiweke mezani. Akakiweka. Mama yenu aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile, na siku zote hizo sikuwahi kusema asante.

Miaka miwili baadaye kanisa likaruhusu simu, mradi iwe kwenye kibanda kando ya barabara. Nililitangaza jambo hilo mimi, haraka haraka, baina ya nyimbo mbili, kama mtu anayetangaza mbuzi aliyepotea. Wewe Emanuel ukaniuliza njiani, "Baba, kama si dhambi tena, baba mdogo anaadhibiwa kwa nini?" Nikakujibu kwamba ni kwa ukaidi wake. Unakuja ibadani mpaka leo, unaimba, lakini moyo wako ulibaki pale njiani, nami ndiye niliyeuacha. Wengine waliona sheria imebadilika wakadhani Mungu naye hubadilika. Mimi yalinipata mabaya zaidi, kwa sababu sheria ilipolegezwa nilipiga magoti nikakuta sina la kumwambia Mungu. Kumbe miaka yote nilikuwa nikizungumza na sheria.

Sisemi mzitupe sheria zetu. Mama yenu alizishika zote kuliko mimi, na ndani ya sheria hizo alipata pa kupendea watu, hata kama ni upana wa kidole. Shikeni mnachokishika kwa namna hiyo. Na mkikosea mkajua mmekosea, msingoje kitanda kama hiki.

Nipeni... hapana, si maji. Nipumzike kidogo.

Atlee yuko barazani tangu asubuhi, amekuja na supu. Nimewasikia mkinong'ona. Ndugu wahubiri walikuwa hapa jana, wakaniambia kwa upole kwamba nikila mkononi mwake nami nitatengwa, kwa kuwa hajapiga magoti. Wana haki, niliwafundisha mimi. Mungu awabariki, wanangu, awape watoto wasiowaogopa, awape... awape amani na baba yenu mdogo. Verna, mfungulie mlango.

Karibu, mdogo wangu. Sogea. Magoti yangu hayakunjiki tena, ningeyapiga mimi. Nisamehe, Atlee... Usicheke, nasema kweli. Haya, nilishe.

Ina moto. Ina viazi vya Barbara.

Basi, inatosha, nipe bakuli nilishike mwenyewe. Sasa nami niko upande wake. Bakuli hili limebaki nusu, wanangu, na mkono wangu unachoka. Nani kati yenu atalipokea?