Papa Octave Kalenga Anashuka Kwenye Trakta

Papa Octave Kalenga, shofere na mekanisie, fundi wa mashine, wa Koperative Tulime-Tuvue hapa Nchelenge, anapumzika kazi tarehe 31 Machi 2026, baada ya kututumikia miaka ishirini na mbili. Kati yetu tulio kazini leo, hakuna aliyekuta mutu mwingine kwenye kiti cha trakta. Wengine waliamini kabisa kwamba kiti kile kilitoka kiwandani na Papa Octave akiwa juu yake.

Alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa Mweru, akajifunza ufundi kwenye garaji za malori Lubumbashi. Vita vilipowafukuza, alivuka Mweru pamoja na bibi yake wa ndoa, Mama Marthe, akiwa amebeba sanduku la spana za garaji badala ya nguo. Mama Marthe hajaacha kumukumbusha jambo hilo. Koperative ilimuchukua mwaka 2004 kwa majaribio, na mpaka leo hakuna mutu wa komite aliyekumbuka kumuambia kwamba majaribio yameisha.

Tuseme ukweli: Papa Octave si mutu wa maneno matamu. Ukimuambia trakta inalia, anakuuliza kama umepima mafuta. Ukimuambia trakta haiwaki, anakuuliza vile vile. Dada mumoja wa ofisi alimuambia siku fulani kwamba kichwa kinamuuma, naye, bila hata kugeuka, akamuuliza kama amepima. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakuelewa tunacheka nini.

Anayesoma habari hii bila kuijua trakta yetu ndogo, ajue kwamba ina kazi mbili. Wakati wa mvua inalima mashamba ya wanachama, ya mihogo na ya mahindi. Na kila mwaka, kabla ziwa halijafungwa mwanzo wa Desemba ili samaki wazae, wavuvi wa Kashikishi wanaihitaji ivute mashua zao hadi kwenye muchanga mukavu. Kazi hizo mbili zinaangukia majuma yale yale. Mvua inaanza, ziwa linakaribia kufungwa, trakta ni moja tu, na kila mutu anataka zamu yake iwe jana.

Trakta hiyo ilipofika, ikachukua nafasi ya ile kubwa ya zamani, Papa Octave aliipokea kwa kiburi cha mutu wa malori. Kwake yeye, mafuta mazito ndiyo mafuta. Alitafuta yale ya gia ya mia moja arobaini, yanayotiririka polepole kama asali ya baridi, akayajaza nyuma. Asubuhi yake jembe la trakta lilikataa kuinuka. Alilaumu pompi ya kuliinua. Kesho yake akalaumu waliotengeneza pompi. Siku iliyofuata alianza kuwaangalia vibaya kuku wa mulinzi. Mwishowe alikaa chini, akafungua kitabu cha mashine, akasoma jambo ambalo lori halikumufundisha: kwenye trakta ndogo kama yetu, mafuta ya nyuma yanalainisha gia, yanapoza breki, na ndiyo hayo hayo yanayoinua jembe. Yakiwa mazito mno, hakuna kinachoinuka. Aliyamwaga yote, na kwa muda wa juma zima hakuna aliyethubutu kutamka neno asali mbele yake.

Tangu hapo alikuwa na sheria, na depo yetu, ghala la trakta na mafuta yake, imeishi kwa sheria hizo. Nyuma ina mafuta yake, kwenye bidoni, yale madumu, zenye rangi ya buluu. Ekseli ya mbele, ile chuma inayobeba magurudumu madogo na kuyazungusha, ina mafuta yake ya gia ya tisini, bidoni zenye rangi ya manjano. Kinachoamua ni kitabu cha mashine. Si bei wala rangi, na muuzaji mwenye mudomo mutamu hana neno hapo. Mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hayaingii mulangoni. Mufanyabiashara mumoja aliyetoka Chienge na chupa za namna hiyo aliambiwa ainywe moja kwanza, ndipo wazungumze. Hatukumuona tena.

Na kupima? Hapo ndipo tulipokoma. Trakta iwe mahali pa sawa, si kwenye muteremuko wa ufuko ambako mafuta yote yanakimbilia upande mumoja na kukudanganya. Injini iwe imelala. Pangusa kwanza kuzunguka buloni, ile bolti ya kupimia, maana muchanga unaoangukia ndani hautatoka kwa kuombwa. Fungua. Mafuta yafike kwenye mudomo wa tundu, si chini yake. Chovya kidole, sugua: ukisikia chembe chembe, chuma kinakula chuma. Tazama rangi: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Na kama trakta ilishinda ziwani, asubuhi kabla ya kuiwasha legeza kidogo buloni ya chini. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanalala chini, kwa hiyo yanatoka ya kwanza.

Jambo hili la ziwani linahitaji maelezo. Ili kuvuta mashua, Papa Octave anaingiza mbele ya trakta majini, magurudumu makubwa yanabaki kwenye muchanga mugumu, kamba inafungwa mbele, naye anarudi nyuma polepole. Ekseli ya mbele inazama. Kuzama si tatizo ikiwa imepoa. Lakini ikiwa moto, maji baridi yanaifanya ivute pumzi ndani, na pumzi hiyo ni maji, yanayopita hata kwenye mupira muzima wa kuziba. Sasa wavuvi wa Kashikishi wana desturi yao: mashua ya mwisho ikishapanda, wanaiogesha trakta. Inaingia ziwani mpaka juu ya magurudumu madogo, wanaimwagia maji kwa ndoo, wanaimba, wanawake wanapiga vigelegele. Ni shukrani yao. Kila mwaka Papa Octave aliwangojesha. Aliweka kiganja kwenye chuma, akakiondoa, akasema bado, na wavuvi wakasubiri na ndoo zao huku wakimutania kwamba anamupima trakta homa.

Basi tufike kwenye musimu huu wa mwisho, maana bila huo tungekuwa tumeandika nusu ya mutu.

Kwa miaka yote hiyo, zamu ya Mama Marthe kulimiwa ilikuwa ya mwisho. Papa Octave alipanga hivyo mwenyewe, asije akasikia kwamba trakta ya koperative inalala kwa bibi yake. Miaka mingine mvua ilipita kabla trakta haijamufikia, naye akalima kwa jembe la mukono. Mwaka huu, kwa kuwa ni wa mwisho, alimuahidi Mama Marthe mbele ya komite kwamba mashua zikiisha tu, trakta itaanza na shamba lake. Komite yote ilikubali. Hakuna hata mumoja aliyenung'unika, na kwa wanaoijua komite yetu, hiyo ni ajabu.

Mashua ya mwisho ilikuwa ya Ba Chewe, kiongozi wa wavuvi. Ilipopanda juu, wavuvi waliokuwa wamejua kwamba Papa Octave anastaafu walianza wimbo, na safari hii hawakuimba jina la trakta, waliimba lake. Vijana, wazee, wauza samaki, wote. Tulikuwepo, tuliona uso wake. Akaingia majini moja kwa moja, na hakuna aliyeona kama aliweka kiganja au hakuweka.

Kesho yake asubuhi Mama Marthe alikuja mwenyewe depo kuisindikiza trakta, mbegu za mahindi ndani ya beseni kichwani, amevaa kitenge kizuri kama cha kwenda misa. Mvua ilikuwa imeshalainisha udongo. Papa Octave alikuwa tayari juu ya kiti. Jessy Mujinga, shofere wetu wa pili, aliyefika kupitia kambi ya wakimbizi ya Kenani na kujifunza kazi yote kwake, alipiga magoti kando ya gurudumu la mbele na spana mukononi.

"Acha tu leo, Jessy," Papa Octave akamuambia. "Mama anangoya."

"Papa, ni weye ulinifundisha. Nafungua kidogo tu."

Akalegeza buloni ya chini. Yakatoka maji, safi kabisa, yakaendelea kutoka. Nyuma yake yakafuata mafuta meupe.

Bidoni ya manjano haikuwepo. Ya mwisho ilikwisha Novemba, na mupya ilikuwa bado njiani kutoka Mansa. Papa Octave alibaki juu ya kiti, mukono kwenye ufunguo wa kuwashia. Tunajua alichokuwa anafikiri kwa sababu sisi wote tulifikiri hivyo: shamba ni dogo, si mbali, pengine ekseli itavumilia asubuhi moja. Pengine. Na ikikataa, gia zinasagika, na wanawake wote waliokuwa kwenye zamu wangekaa na mbegu zao nyumbani mpaka mwaka mwingine. Lakini ahadi ni ahadi, na aliyeahidiwa alikuwa amesimama pale na beseni kichwani. Tungemuachia aende, na hilo tuliseme wazi.

Mama Marthe ndiye aliyesema.

"Octave, shuka. Kama ekseli inavunjikia kwa shamba yangu, bamama yote batasema shamba ya Marthe njo iliua trakta. Nitapita wapi na mahindi yangu?"

Papa Octave akashuka. Akatugeukia sisi wote, akasema kwa sauti yake ile kubwa kwamba kosa si la trakta wala la mupira. "Jana sikungoya chuma ipoe. Banaimba jina yangu, nikasahau." Iliuma kumuangalia.

Mama Marthe alishusha beseni, akaomba jembe la mukono. Papa Octave akaomba la pili. Waliondoka pamoja kwa miguu, bwana nyuma. Ba Chewe aliposikia, alitaka kuja na wavuvi wake wote kuwasaidia, kwa kuwa ndoo zilikuwa zao na ziwa limekwisha fungwa. Mama Marthe alimushukuru, akamuambia amuache kwanza huyu bwana alime, maana yeye alikuwa anamudai misimu mingi. Papa Octave akalima, siku baada ya siku, viganja vikamupasuka, na shamba lote likapandwa kwa mikono ya hao wawili.

Bidoni ya manjano ilipofika, Jessy aliyamwaga mafuta meupe, akaisuuza ekseli kwa mafuta kidogo mapya, akayamwaga hayo nayo, akajaza mpaka mudomo wa tundu. Alituma mutu kumuita Papa Octave aje ahakikishe. Jibu lilirudi kutoka shambani kwamba ana kazi, na kwamba Jessy ana macho na kidole. Kwa sisi tunaomujua, hakuna cheti kikubwa kuliko hicho. Jessy alilima mashamba yote ya zamu kabla udongo haujajaa maji mno. Hakuna aliyekosa kupanda mwaka huu.

Kwa hiyo, Papa Octave, asante. Asante kwa kila jembe lililoinuka, kwa kila mashua iliyopanda, kwa makelele yako yote ambayo tutayakosa zaidi ya tunavyopenda kukubali. Asante pia kwa asubuhi ile uliposhuka. Uishi vizuri, ule vizuri, ulale mpaka jua litoke.

Na wewe, Mama Marthe, tunakuomba radhi. Kwa miaka yote hii si trakta tu uliyoipata mwisho. Hata huyu bwana tulikuwa tunamutumia sisi kwanza, wewe unapata kilichobaki jioni. Imetosha. Komite imekaa na kukubaliana: mvua zijazo, Jessy ataanza na shamba lako, awe na mafuta safi mbele na nyuma. Lakini hatutaki ungoje mpaka mvua. Tunamurudisha kwako sasa, muzima, anasikia vizuri, anabisha vizuri zaidi. Kuanzia kesho asubuhi, zamu ya kwanza ni yako.

Chouchou, wa depo, kwa niaba ya wafanyakazi wote