Mwalimu Zenon na Mfalme Aliyetolewa Jukwaani

Padre, wazee wetu, walimu na majirani mliotoka Mollo, Mazwi na hata bondeni Mtowisa, mimi Flavian, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia nisome maisha ya kaka yetu, Mwalimu Zenon Sichalwe, na nitayasoma yalivyokuwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kupambwa.

Marehemu alizaliwa Mollo tarehe 12 Machi 1917, mtoto wa kwanza wa wakulima wa ulezi, akaanza shule ya misheni mwaka 1926, na mwaka 1935 akapelekwa Tabora kusomea ualimu, na huko ndiko alikopatwa na jambo lililomshika mpaka kufa. Tarehe 17 Julai 1937 walimu wa huko waliigiza kwa Kiingereza mchezo wa mtunzi mkuu wa Waingereza wa kale, unaohusu mfalme mzee aliyewagawia binti zake nchi nao wakamfukuza, na mfalme huyo aliigizwa na Mwalimu Dominiko, mtu mfupi, mpole, mfundisha hesabu, ambaye wanafunzi walizoea kumtania kwa sauti yake ndogo. Jioni ile, kaka alitusimulia hadi tukachoka, mtu yule mfupi alisimama katika mvua isiyokuwepo akailaani dunia, na Zenon, akiwa benchi la nyuma, alisikia baridi akafunga vifungo vya shati, na mwisho akamwona mfalme akiingia amembeba mikononi binti yake mmoja, maiti. Kuanzia hapo alisoma kila kitabu cha mtunzi yule alichoweza kuazima, Kiingereza kile kigumu akakitafuna mpaka kikalainika, na akajiapia kwamba watu wa Ufipa nao watamwona mfalme yule mpaka mwisho, kwa lugha wanayoielewa.

Alirudi Sumbawanga kufundisha Januari 1939, akafunga ndoa na Luciana, binti wa Mzee Eustaki, tarehe 4 Oktoba 1942, wakajaliwa Cornelia, Adriano na Emerensiana, na miaka yote hiyo aliutafsiri mchezo ule kidogo kidogo, hata shemeji Luciana akawa anasema ameolewa na waume wawili, mmoja ana taji na wote hawalimi.

Mchezo ulichezwa tarehe 9 Julai 1949 kwenye uwanja wa shule, mfalme akiwa Zenon mwenyewe na mabinti wakiwa wanafunzi wake. Alipoingia, wazee walipiga magoti wakampigia makofi kama anavyoamkiwa mwene, mtawala wetu wa Ufipa, na kaka alifurahi kupita kiasi, asijue kwamba heshima hiyo ndiyo itakayomponza, kwani mabinti walipoanza kumfukuza, wazee waliokwisha kumwamkia hawakuweza kukaa wakitazama mwene akitukanwa. Mzee Eustaki alipanda jukwaani, akawakemea mabinti, akamshika mfalme mkono akampeleka nyumbani kwake kula ugali, na kaka, aliyeweza kumkatalia mtu yeyote isipokuwa baba mkwe, alifuata kichwa chini. Watu walitawanyika wameridhika, wakisema mzee amefanya vema.

Wakubwa wa elimu waliposikia kwamba watoto wanafundishwa kumtukana baba, walipiga marufuku michezo shuleni, wakamhamishia kaka Mtowisa Januari 1950, na huko aliomba kila mwaka ruhusa ya kuucheza tena, akanyimwa kila mwaka, huku homa za bondeni zikimmaliza.

Agosti 1956 uvimbe ulimtokea kooni, akaletwa hospitali hapa Sumbawanga, na Februari mwaka huu sauti ikakatika kabisa, madaktari wakatuambia tusijidanganye. Tarehe 8 Juni Mzee Eustaki alikuja kumjulia hali, akaketi karibu yake, akamwuliza kwa upole kama yule mzee wa mchezo, mwishowe, binti zake walimrudia. Ndugu zangu, kaka alilisubiri swali hilo karibu miaka minane. Aliinuka kitandani, akanyoosha mikono yote miwili kama aliyebeba mtoto mzito, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Mzee alidhani anaumwa, akaishusha mikono ile taratibu, akamfunika blanketi, akamwambia apumzike, watayazungumza akipona. Kaka alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 1957.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mazwi waliolala hapa na Luciana, walimu wenzake wa Mtowisa, Bwana Saad aliyetoa lori lake kumpandisha kutoka bondeni, na Mzee Eustaki, aliyempenda mkwewe mara zote mbili. Kaka Zenon, mchezo wako hatukuuona mpaka mwisho, na sasa hayupo wa kutuonyesha. Ulale kwa amani.