Kipande Namba Kumi na Mbili cha Kevina Afedra

Waombolezaji mliofika hapa Koboko, familia inawasomea maisha ya Kevina Afedra, binti wa Mzee Andama na Mama Filda, aliyezaliwa Dadamu tarehe 14 Machi 1991, akasoma msingi hukohuko, sekondari mjini Arua, na stashahada ya maabara Kampala, akahitimu mwaka 2013.

Februari 2014 aliajiriwa katika maabara mjini Arua, na tarehe 9 Desemba 2017 alifunga ndoa na Moris Lokule wa hapa, wakajaliwa binti mmoja, Agnes Keji, mwenye miaka sita, ambaye leo amekataa kuvaa viatu.

Tangu 2020, yeye na mwenzake Margarita walichunguza aina ya limfoma, saratani ya seli za kinga, inayoanzia kifuani, wakitaka kujua inatokana na seli zipi, za mitoki au za ile tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua, inayosinyaa mtu akikua, wakavikata vyembamba vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta, vya wagonjwa kumi na mmoja, vyote vidogo mno kutoa jibu.

Agosti 2024 alianza kukohoa, na kwa kuwa alishinda na makohozi ya watu, alijiamulia kuwa ni kifua kikuu, akameza dawa miezi mitatu, yeye aliyewakanya wengine kosa hilohilo, na Moris, aliyemwamini kuliko daktari yeyote, hajajisamehe. Uso ulipovimba alipelekwa Kampala, akatolewa kipande cha uvimbe wa kifuani, akarudi nacho Arua, akakitazama mwenyewe kwa hadubini, akaona ni limfoma ileile, akaandika lebo: namba 12. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Jana Mzee Andama alikataa sanduku lifungwe, akamwambia Moris, "Mimi nilipa wewe mutoto muzima. Kama kipande yake iko Arua, hapana funga." Kwao binti huzikwa mzima, basi Moris akaenda Arua, akarudi nacho mfukoni mwa shati, asijue aendeshe pikipiki haraka au polepole.

Leo asubuhi mzee alikipokea, akautambua mwandiko wa bintiye, akamuuliza Margarita kina kazi gani, naye akajibu, "Baba, hii peke yake ndiyo ilitosha kutoa jibu. Ikiingia chini, tunasubiri mugonjwa ingine." Mzee alilia mbele yetu sote, akaomba kalamu, akaandika chini ya namba: Kevina. Kisha akamrudishia Margarita, na sanduku likafungwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Pajulu, alikokuwa akiishi, waliompikia alipokuwa hawezi kusimama, na wenzake wa maabara.

Pumzika sasa kwa amani, Mama Agnes, kazi yako Margarita anayo.